Maiki Niliyoiua Moiben

Nafula mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuambia ule nini, ufunge mlango saa ngapi, na kanisa gani liko karibu na mtaa utakaokaa huko Kisumu. Sina la kuongeza hapo. Tena barua za akina baba kwa watoto wao hunichefua. Mtu aliyeamka saa nne maisha yake yote anamwandikia mwanawe kuhusu bidii. Mtu ambaye mkewe alimtafuta kila Jumapili anaandika kuhusu uaminifu. Nimezisikia zikisomwa kwenye maiki zangu siku za harusi, na wageni wakafuta machozi kwa leso, nami nikiwa nyuma ya mixer narekebisha sauti ili uongo usikike bila kukwaruza.

Ni Jumamosi, saa kumi jioni. Wewe na mama yako mmekwenda mjini kununua blanketi, na mvua inatishia kutoka upande wa Kaptagat. Kesho asubuhi utaondoka. Redio imekuchukua uwe fundi wa sauti wa matangazo ya moja kwa moja, na majirani wote hapa Kapsoya nimewaambia, hata wale ambao hawakuuliza. Nina furaha. Lakini kuna jambo ambalo ni lazima ulijue kabla hujakaa kwenye kiti kile, na uso kwa uso sitaweza kulisema. Najijua. Nitageuza mzaha. Mzaha ndio ulionifikisha hapa.

Miaka ishirini na sita nimefunga spika katika mji huu na viunga vyake. Soy, Ainabkoi, Ziwa, kila uwanja wenye nyasi na kila kanisa lenye mabati. Na nikuambie, sijaona kitu kinachomvua mtu nguo haraka kama maiki. Mchungaji anayeongea na mkewe kwa sauti ya kawaida akiishika anageuka simba mwenye mafua. “Fundi, weka echo!” Anataka mwangwi kwa sababu neno lenyewe halina uzito, huenda likirudi mara tatu litaaminika. MC wa harusi anaipuliza kama anayepoza uji, halafu “moja mbili, moja mbili”, na sijawahi kumsikia hata mmoja akifika tatu. Mwenyekiti wa kamati, ambaye jana hakujua waya unaingia wapi, anakuja kuniambia sauti iko chini huku amekaa nyuma ya hema na simu sikioni. Mwanasiasa ndiye mbaya zaidi. Huyo hashiki maiki, huikaba.

Niliwadharau wote. Nilikaa nyuma ya mashine yangu kama hakimu. Na dharau ni tamu, Nafula, kwa sababu inakufanya ujione uko nje ya mchezo. Wao wanasema upuuzi, mimi ni waya tu, upuuzi unapita. Wakidanganya, wamedanganya wao. Nilijiambia hivyo mpaka siku ya mazishi ya Moiben. Siku hiyo unaijua. Au tuseme, unaijua vile nilivyokudanganya.

Ulikuwa na miaka tisa. Marehemu alikuwa dereva wa trekta, mtu wa makamo, aliyepinduka nalo akilima kwenye mteremko. Trekta lilikuwa la Mheshimiwa mmoja. Jina lake silitaji, na si kwa heshima. Sitaki tu lichafue karatasi utakayobeba kwenye mkoba wako. Wakati ule alikuwa anatafuta kiti, kwa hiyo kifo kile hakikuwa kimemtia huzuni, kilikuwa kimempa mkutano. Aliyenipigia simu nikafunge vyombo hakuwa mtu wa familia. Alikuwa msaidizi wake, jamaa wa miwani myeusi anayetembea kama aliyemeza rula.

Tulifika asubuhi. Vyombo vilibebwa na pikapu ya Mzee Hassan, yule mfanyabiashara aliyekuwa na duka la vipuri karibu na soko, unamkumbuka, alikuwa akikupa tende. Nikafunga spika nne, nikaweka maiki mbili mezani. Waombolezaji walikaa kwenye nyasi. Mheshimiwa, aliyekuja na ng'ombe wa rambirambi, aliletewa sofa, sofa nzima yenye vitambaa, ikabebwa na wanaume wanne kutoka nyumba ya jirani ikawekwa mbele ya jeneza. Mwenye msiba, mjane wa dereva, alikaa kwenye kiti cha plastiki chenye mguu uliopinda. Niliona hayo yote na nikacheka moyoni. Ndiyo kazi pekee niliyoijua, kucheka moyoni.

Kwenye saa sita yule mjane akaitwa aseme. Aliishika maiki kwa mikono miwili kama anayeshika kikombe cha chai ya moto. Alizungumza Kiswahili ili wageni wote waelewe. Akashukuru kanisa, akashukuru majirani waliokama ng'ombe wake wiki nzima. Kisha akamgeukia mtu wa sofa.

“Mheshimiwa, nataka kukuuliza swali moja tu. Mzee wangu alikuambia hiyo trekta haina breki. Alikuambia mara tatu. Hiyo mara ya tatu mimi nilikuwa hapo, nilikuwa nimeleta chakula kwa shamba. Wewe ulimwambia nini?”

Yule wa miwani akanitafuta kwa macho, akapitisha kidole shingoni.

Sasa sikiliza nilivyofanya, maana hapo ndipo ufundi wangu wote ulipo. Fundi mjinga angekata sauti mara moja, na kila mtu angejua. Mimi niligusa waya kwanza, ukakwaruza. Nikashusha sauti kidogo, nikaipandisha, ikakwaruza tena. Ndipo nikaishusha yote. Kisha nikasimama, nikatikisa kichwa, nikatikisa waya, nikaangalia upande wa jenereta kama mtu aliyeudhiwa na mashine. Mama yako hupenda kusema mimi sijui kuigiza. Siku ile ungelipa kiingilio.

“Hatusikii, mama!” watu wa nyuma wakaita. “Ongeza sauti!”

Yeye aliendelea. Midomo inakwenda, mkono mmoja unaonyesha jeneza, na upepo wa Moiben unachukua kila kitu. MC, mtu ambaye angechekesha hata mochari, akadakia maiki ya pili. “Pole mama, hata stima imeshindwa na uchungu!” Watu wakacheka. Msibani. Mheshimiwa akapewa ile maiki ya pili, na ikalia kama kengele. Kati ya watu mia kadhaa hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa sauti inakuwaje maiki moja iwe mgonjwa na jirani yake mzima, na zote zinakula umeme katika sahani moja. Watu husema hawakujua. Mara nyingi hawakutaka kujua, na watu kama mimi tunaishi kwa kulitegemea hilo.

Lakini nilikuwa nimevaa hedifoni. Wewe unajua, ukishusha sauti ya spika fundi bado anaweza kumsikia msemaji masikioni mwake. Kwa hiyo katika uwanja ule, ukiacha wachache waliokaa karibu naye na walioamua kuwa viziwi, mtu aliyemsikia yule mjane mpaka mwisho ni yule aliyemzima.

Nilimsikia akijibu swali lake mwenyewe. “Ulimwambia, kama unaogopa, wako wengine kumi wanataka hii kazi. Akapanda.” Nikamsikia akisema, “Ng'ombe umeleta rudi nayo. Mimi nataka useme hapa mbele ya hii sanduku kwamba alikuambia.” Halafu akageuka. Akanitazama juu ya vichwa vya watu wote, na akasema polepole, mdomo karibu na maiki:

“Wewe wa maiki. Wewe unanisikia.”

Niliinama nikajifanya natafuta waya chini ya meza.

Tulipokuwa tunapakia vyombo Mzee Hassan alisubiri mpaka spika ya mwisho ikaingia. Ndipo akaniambia, “Fundi, stima haikupotea. Mimi niliona taa ya mashine yako. Ilikuwa inawaka.”

“Mzee, hizi mashine zina mambo yake,” nikamjibu.

Aliniangalia kama unavyoangalia kitu ulichokanyaga. Alinifikisha nyumbani kwa sababu alikuwa ameahidi, akashusha vyombo kwa utaratibu bila kugonga hata kimoja, akasema, “Ukipata kazi ingine, tafuta gari ingine.” Hakunibebea tena mpaka alipohama mji. Wewe uliniuliza kwa nini tende zimekwisha. Nikakuambia Hassan amekuwa na maringo.

Nilipoingia ndani, mama yako aliuliza siku imekwendaje, na hapo ningeweza kusema. Kulikuwa na chai mezani, wewe ulikuwa unafanya hesabu zako. Badala yake nikawapa mzaha. Nikawaambia jenereta imenikosea adabu, na kuna mama mmoja ameendelea kuhutubia nyasi. Nikasimama katikati ya sebule nikamwigiza, midomo inakwenda bila sauti. Mlicheka. Wewe ulicheka mpaka ukaangusha penseli.

Na ukajifunza. Ulikuwa hodari wa kuigiza kuliko mimi. Kila wageni wakija, “Nafula, tuonyeshe mama wa Moiben.” Ulijifunga leso, ukashika kijiko kama maiki, ukafungua mdomo. Shangazi zako walilia kwa kicheko. Na mimi nilikaa pale kwenye kochi nikipiga makofi, mtu mzima, ninayejua maneno yaliyokuwa yanatoka katika mdomo ule. Uliendelea mpaka ukafika kidato cha pili, ukachoka wewe mwenyewe. Mimi sikukukataza hata mara moja. Kukukataza kungehitaji sababu.

Nimewadharau watu wengi katika kazi hii, na wengi walistahili. Lakini mchungaji mwenye mafua hakuwahi kumchukua mtoto wake akamfundisha kumcheka mjane.

Baada ya siku ile nikawa mtu wa kutegemewa. Neno hilo ukilisikia, Nafula, uliza ni nani anakutegemea na kwa ajili ya nini. Mikutano yote ya Mheshimiwa niliifunga mimi, na alipopata kiti nikafunga na sherehe. Huko Moiben ikaenea habari kwamba dereva alikuwa amelewa. Sijui nani aliianzisha. Haikuhitaji mtu, ilihitaji nafasi tupu, na mimi ndiye niliyeiacha tupu. Niliisikia kwa masikio yangu kwenye harusi moja, miaka miwili baadaye, mtu anamwambia mwenzake, “Yule wa trekta? Si alikuwa mlevi.” Niliendelea kukunja waya.

Kama usingeomba zile hedifoni zangu za zamani mwezi huu, ningekufa na siri hii. Nilishusha lile boksi juu ya kabati ili nikutafutie, na chini yake nikapata kadi ya kurekodia. Familia ilikuwa imeniomba nirekodi mazishi yale. Nilirekodi, kisha nikawaambia kadi imeharibika. Sikuitupa na sikuisikiliza. Niliitendea kama wanavyotenda waoga, niliiweka juu. Na kinasa sauti changu kilikuwa kimechukua sauti kabla haijafika pale nilipoishusha. Yote yalikuwemo. Nilikaa kitandani nikasikiliza, na nilipofika kwenye “wewe wa maiki” nikazima kama niliyeguswa na moto.

Mama yako alinikuta pale. Nikamwambia kila kitu.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu, “Kwa hivyo mtoto wangu alikuwa anachezea huyo mama hapa kwa sebule yangu, na wewe ukijua?”

“Ndiyo.”

Siku ya tatu akaweka uji mezani akasema, “Nenda Moiben. Halafu umwandikie Nafula kabla hajapanda gari. Ukimwacha aende hivi, mimi nitamwambia, na vile nitamwambia hutapenda.”

Basi Jumanne ile niliyokuambia nina kazi Moiben, nilikwenda kwa huyo mama. Boma lake liko ng'ambo ya mto mdogo, nyumba ya mabati safi, mahindi mpaka mlangoni. Alikuwa anasafisha vibuyu vya maziwa. Aliinua kichwa, akanitazama kidogo tu.

“Wewe ni wa maiki.”

Miaka kumi na tatu. Nimenenepa, nimeota mvi, nimevaa koti jipya. Akanijua.

Nikatoa kile kinasa sauti mfukoni, nikamwambia, “Mama, hii ni sauti yako. Yote iko. Mimi ndiye niliizima, haikuwa stima.”

“Najua haikuwa stima.”

“Nimekuletea usikilize.”

Akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. “Nisikilize nini? Mimi si najua nilisema nini? Wale hawakusikia ndio hawajui.” Akaendelea kusugua kibuyu. “Uko na zile spika bado?”

“Ziko.”

“Leta Alhamisi. Saa tano. Leta zote.”

Nikuambie kilichopita kichwani mwangu? Nilifikiria mikutano ya mwezi ujao. Nilifikiria yule wa miwani. Mdomo wangu ulikuwa umekwisha kufunguka kusema Alhamisi nina shughuli. Miaka yote hii ya kuwacheka waoga, na mwoga alikuwa amevaa koti langu. Nadhani aliliona hilo, kwa sababu alisema, “Ama zitaharibika tena?”

Alhamisi nilifika saa nne. Hakunipa chai. Unajua watu wa kule. Hata mtoza ushuru hupewa maziwa. Mimi nilipewa njia ya kupita.

Watu walikuja, labda sitini, wengi wao walikuwa pale mazishini. Walidhani ni ibada ya kumbukumbu. Mama huyo hakutoa hotuba. Alisema, “Huyu ndiye alikuwa na maiki siku ile. Amerudisha yangu.” Akakaa.

Nikaicheza ile rekodi. Sauti yake ilitoka ikiwa changa zaidi, yenye kutetemeka kidogo. Ikafika kwenye swali, ikafika pale ilipokufa siku ile, na ikapita. Haikukwaruza. Wako wengine kumi wanataka hii kazi. Akapanda. Niliwaangalia wale watu. Wengine walitazama viatu vyao. Mama mmoja aliyekuwa anasuka aliacha.

Binti mkubwa wa yule mjane, umri wako hasa, alitoka nyuma akasimama mbele ya spika. Huyo amekulia katika habari ya baba mlevi. Shuleni walimwita kwa hilo. Akasema, “Rudisha pale anasema mara tatu.”

Nikarudisha.

“Tena.”

Nikarudisha tena. Mara ya tatu mzee mmoja akasimama, kofia mkononi, na hakumtazama mtu. “Mimi ndio nilikuwa fundi ya ile trekta,” akasema. “Breki zilikuwa zimetolewa. Nilijua. Alikuwa rafiki yangu na nilinyamaza.” Akakaa chini. Yule binti hakulia. Alikwenda akasimama karibu naye, akamuuliza maswali kwa Kikalenjin, mengi, moja baada ya jingine, na yeye akajibu kila moja.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Usitafute zaidi. Mheshimiwa yuko vilevile, na kesho bila shaka atakuwa madhabahuni mahali fulani amefumba macho, na maiki itamsikiza. Jana yule wa miwani alinipigia. “Fundi, tumesikia uko na shughuli mpya Moiben. Hii mikutano ya mwezi ujao usijisumbue.” Nilitegemea kujisikia shujaa. Badala yake nikaanza kuhesabu pesa nilizopoteza. Na wewe usinisifu ukisoma hapa. Mwizi anayerudisha ng'ombe baada ya miaka kumi na tatu, na kwa sababu mkewe amemsukuma, haitwi mkarimu.

Siwezi kukuagiza kitu. Cheo hicho nimekivua mwenyewe. Najua tu kwamba huko Kisumu siku moja mkono utapita shingoni. Huenda usiwe mkono, wakubwa wa siku hizi wana adabu. Utakuwa ujumbe kwenye simu, au mtu mpole atakayesema tuwaambie wasikilizaji kuna hitilafu ya mitambo. Utakuwa na hedifoni masikioni na kidole juu ya sauti ya mtu. Sijui utafanya nini. Mimi najua nilichofanya, na sasa na wewe unajua, na huwezi tena kusema baba yako alikuambia ni jenereta.

Kuhusu yale maigizo, ulikuwa mtoto na uliyafanya kwa sababu baba yako alipiga makofi. Hiyo iache kwangu.

Nilipomaliza kukunja waya Alhamisi ile, mama huyo alikuja mpaka kwenye gari. Akaniuliza kama nina watoto. Nikasema nina binti, anaanza kazi hii hii wiki ijayo.

“Anajua?”

“Bado.”

“Mwambie. Na umwambie jina langu. Asiseme tu mama fulani.”

Nikasimama pale, Nafula, mlango wa gari wazi, kwa sababu sikulijua. Lilitajwa mazishini mara ishirini, kwenye maiki yangu mwenyewe, na sikulishika. Ilinibidi nimuulize. Alilisema mara moja, kwa sauti ya kawaida, akarudi kwa vibuyu vyake.

Anaitwa Rebeka Jelagat.

Baba yako.